Karatasi ya Themanini na Nane

Jumatano, tarehe 8 Novemba. Mawingu yalitanda tangu asubuhi na mvua haikushuka.

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini huzungumza akiwa na pini midomoni, na kila kitambaa hukipima mara mbili kabla ya kukikata. Siku hiyo alipima mara tatu, na bado akakata mkono wa blauzi mfupi. Mfukoni mwa aproni alikuwa na matokeo ya binti yake, aliyefanya mtihani wa kuingia shule ya bweni. Juu ya karatasi palikuwa na namba moja kubwa, 88, na shule huchukua watoto sitini tu. Mtoto alipouliza, alimjibu kwamba majibu hayajatoka. Mwalimu mmoja alipokuja kujaribu sketi, fundi alitema pini na kumwonyesha.

“Hii si nafasi aliyoshika, dada. Maana yake, katika kila watoto mia, kawapita themanini na wanane.”

“Usinitanie mwenzio, roho iko juu.”

“Nikutanie, na sketi yangu iko kwako? Ila hajaingia bado. Soma huku chini: anaitwa kwenye usaili kesho, saa mbili asubuhi.”

Fundi akakaa juu ya vitambaa vya watu. Wiki nzima macho yake hayakuwahi kushuka chini ya ile namba.

Kesho yake, saa kumi na mbili alfajiri, alikuwa langoni mwa shule kabla bawabu hajafungua, amemshika bintiye mkono.

“Mama,” mtoto akanong’ona, “unaniumiza vidole.”