Kwa Ulimi wa Mgonjwa

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na mwiko wangu mwenyewe, nimeufunga kwenye kanga. Nilikuwa mpishi wa shughuli, Magomeni nzima wananijua, na pilau langu halikuwa na mpinzani. Mkuu wa Jiko wa hospitali, baba mmoja mnene asiyependa maneno mengi, aliuchukua ule mwiko akauweka juu ya kabati. "Wa mbao hautakati hata ukiuchemsha," alisema. Nilinuna mpaka saa ya kutoka.

Miaka ya mwanzo nilikuwa jiko kuu, nikipika wali na maharage ya wodi zote. Kisha nikahamishiwa jiko dogo la wodi ya watoto wenye saratani, chini ya Afisa Lishe, binti mdogo kwangu aliyeniamkia shikamoo kila asubuhi kisha akanikosoa kutwa nzima. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba dawa za saratani hushusha kinga ya mwili, kwa hiyo kachumbari ni marufuku na tunda lisilomenywa halipiti mlangoni. Karanga za uji tulikwenda kuzichagua wenyewe Kariakoo, punje kwa punje, kwa kuogopa sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoharibu ini. Wauzaji walituchoka. "Mama, unanunua karanga au unatafuta mchumba?" mmoja aliniuliza. Nikamwambia mchumba ningemchagua haraka zaidi.

Pamoja na mafunzo yote hayo, kiburi cha mpishi wa shughuli hakikunitoka.

Akaletwa Zuhura, mtoto wa miaka saba kutoka Kilwa. Baada ya dawa za awali aliacha kula. Kwetu pwani mgonjwa akikataa chakula, anakamuliwa ndimu kwenye supu ili hamu ifunguke. Ndivyo alivyofanya mama yangu, na bibi yangu kabla yake. Basi nikakamua ndimu mbili bila kumwambia mtu, nikaonja, nikajisifu. Zuhura alimeza kijiko kimoja akapiga ukelele ambao bado nausikia. Mdomo ulikuwa umejaa vidonda, kama dawa zile zinavyofanya, na mimi sikuwa nimeuliza. Siku zilizofuata akakataa kufungua kinywa kwa chakula chochote kilichotoka jikoni kwangu.

Jumatatu akapimwa uzito. Dozi hupangwa kwa mwili wa mtoto, na mwili wake ulikuwa umepungua mno. Daktari wa Wodi akaahirisha dawa mpaka Ijumaa, akasema uzito usipopanda itabidi wasubiri tena, na ugonjwa hausubiri. Mama yake Zuhura alinifuata mlangoni. Hakugomba. "Dada, ulimtilia nini mwanangu?" aliuliza. Nikamwambia kweli, na aibu niliyoiona siku ile sijaiona tena.

Afisa Lishe nikamwambia pia, nikitegemea barua ya onyo.

"Ulionja?" aliniuliza.

"Nilionja. Ilikuwa tamu."

"Kwa ulimi wa nani, mama?"

Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilikuwa nimepika maisha yangu yote bila kumuuliza mlaji. Kesho yake nikapika uji wa aina nne, kidogo kidogo, nikaupoza uwe vuguvugu, nikaenda kuketi sakafuni karibu na kitanda chake na vijiko vya plastiki, maana cha chuma huwaachia watoto wale ladha ya kutu.

"Bibi hajui," nilimwambia. "Nifundishe wewe."

Wa kwanza akautema. Wa pili ulikuwa na iliki, akasema unanuka. Wa tatu akatikisa kichwa. Wa nne ulikuwa wa mchele uliopondwa, tui la nazi, maziwa na unga wa karanga, bila chumvi wala kiungo. Mpishi yeyote wa Magomeni angeona haya kuupakua. Nikanyoosha mkono kuuondoa, akalishika bakuli.

"Niachie. Huu hauniumi."

Akala vijiko sita. Nikampikia ule ule mara tano kwa siku, na Ijumaa alipopimwa uzito ulikuwa umepanda, dawa ya dripu ikatundikwa. Tangu wiki ile hakuna sufuria iliyotoka jikoni kwangu kabla mtoto mmoja wa wodi hajaionja.

Sasa nimestaafu, na vijana wanaoingia jikoni huja kuniuliza vipimo. Nawapa. Nawaambia pia kwamba chakula hakiponyi saratani, na wapo watoto waliokula vizuri tukawazika. Majina yao nayajua yote, na siku nyingine nalia nikiwa peke yangu. Lakini mwaka wangu wa mwisho kazini Zuhura alikuja kliniki na mama yake, nywele zimesukwa, meno mapya yameota. Nilimkimbilia na bakuli la uji wake. Alionja kwa adabu, akalirudisha mikononi mwangu.

"Bibi, samahani," alisema. "Huu mbona hauna ladha? Mama kaniahidi chipsi."

Nikawaelekeza mimi mwenyewe zinapouzwa.