Ghorofa ya Mama wa Hoteli

Jumanne nilipanga foleni kwenye ofisi ya kanso, yaani halmashauri ya mji, nyuma ya mama mwenye kihoteli kinachowalisha wachumaji wa majani chai. Kodi ya ploti yake ilikuwa imepandishwa sana, naye alikuja kukata rufaa. Wakimkatalia, aliniambia, atafunga.

Karani akafungua faili. "Mama, hapa imeandikwa nyumba yako ni ya ghorofa."

"Basi aliyeipima aje anionyeshe ngazi. Mimi sijawahi kupanda juu."

Ofisa aliyepima akaitwa. Akakiri polepole kwamba siku ya kupima kulikuwa na mvua, hakushuka kwenye gari. Akafuta, akaandika upya, akatia sahihi mbele yetu.

Mama akatoka akitabasamu. Sisi tuliobaki tukamwomba ofisa atusomee pia majumba tunayomiliki bila kujua.