Jibu la Dada kwenye Swali la Nne

Kikundi chetu cha ngoma hapa Kamsamba alikianzisha dada yangu. Mimi nilicheza nyuma yake miaka yote. Alipochaguliwa kwenda Tunduma kwenye mafunzo ya viongozi wapya wa sanaa na utamaduni, nilimbebea begi mpaka kwenye basi. Mafunzo yalikuwa ya awamu mbili. Alimaliza ya kwanza, akarudi, akaugua, akafa.

Tukiwa bado matangani, waratibu walipiga simu: nafasi isipotee, aje mwingine. Wanawake wa kikundi wakanitazama. Shangazi, ambaye ndiye mpiga ngoma wetu mkubwa, akasema, "Nenda. Ukirudi na cheti tutakuita mwenyekiti. Ukirudi mikono mitupu, utatupikia chai kama zamani."

Wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Mimi sikucheka. Cheo kile nilikitaka. Nilikitaka hata dada akiwa hai, na sikuwahi kumwambia mtu.

Ukumbini Tunduma nilipewa kitambulisho cha dada nikivae shingoni. Jina lake lilikuwa limekatwa kwa kalamu, langu limeandikwa juu yake. Tulifundishwa kupanga onyesho, kuandika barua za maombi, kusuluhisha wanakikundi wanaogombana. Mengi niliyaelewa, ingawa niliishia darasa la saba. Siku ya tatu mwalimu alirudisha madaftari ya awamu ya kwanza, aliyokuwa amekwenda kuyasahihisha. La dada akanipa mimi.

"Pole, mama. Litakusaidia."

Swali la nne liliuliza: Ukiondoka leo, nani ataongoza kikundi chako? Chini yake, kwa mwandiko ninaoujua tangu utotoni: "Bado hayupo. Mdogo wangu anajua hatua zote, lakini anaogopa kumkemea mtu." Mwalimu alikuwa ameweka alama ya vema na kuandika pembeni: Jibu la kweli.

Nilimchukia dada pale pale kwenye kiti, na udongo wa kaburi lake ulikuwa haujakauka.

Cheti nilikipata. Niliporudi, wanawake walikaa mkekani wakakipokezana. Shangazi akauliza, "Na marehemu aliacha neno gani huko?"

Ningeweza kusema hakuna. Daftari lilikuwa begini, na wengi wao hawasomi. Nikalitoa, nikawasomea kama lilivyo.

Shangazi akasema, "Alikujua."

"Basi mkemee mmoja wetu tumwone mwenyekiti," mwingine akanichokoza. "Nikemee mimi, nimechelewa leo."

Nilimtazama, kisha nikatazama miguu yangu. Alingoja, na nadhani alitaka nishinde.

Sasa kikundi anakiongoza Shangazi, ambaye hajui kuandika jina lake. Barua naandika mimi, yeye anaweka dole gumba. Cheti kimetundikwa ukutani kwangu. Siku za mazoezi nafika mapema kuliko wote, nawasha moto, nabandika chai.