Kikombe cha Juu ya Gunia

Kwenye fomu ya forodha, kilichonisumbua zaidi ni uzito. Nilimuuliza wakala wetu pale Arua kwa nini wanataka kuujua mara mbili, kwanza pamoja na gunia, kisha bila gunia. Akanieleza. Nikauliza gunia tupu linamhusu nani huko Mombasa. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Kaka, jaza tu."

Nikajaza. Shangazi yangu wa Koboko, ambaye soko zima humwita Hajati, alikuwa amekusanya magunia mia tatu ya simsim, yaani ufuta, yake na ya wanawake wenzake. Miaka yote waliwauzia madalali. Safari hii walikuwa wamepata wenyewe mnunuzi wa ng'ambo. Lori lisipoondoka Arua kesho yake, meli ingeng'oa nanga bila sisi, na mnunuzi alishasema hangoji meli ya pili. Makaratasi niliachiwa mimi, kwa kuwa nina shahada na mdomo.

Magunia yote yalikuwa na chapa ya kilo hamsini. Shangazi naye alisema hamsini. Nikazidisha kwa mia tatu, nikaandika, nikajipongeza.

Asubuhi ofisa wa forodha alikuja kukagua mzigo kabla ya kulifunga lori kwa lakiri. Akachagua gunia moja, likapandishwa kwenye mzani. Hamsini na moja. La pili, hamsini na moja na nusu. La tatu lilikaribia hamsini na mbili.

"Kijana, na hapa umeandika nini?"

Nikamgeukia shangazi. "Hajati, si ulisema hamsini?"

"Iko hamsini," alijibu bila wasiwasi. "Ile ya juu ni nyongeza."

Vikombe viwili, wakati mwingine vitatu, juu ya kila gunia. Nimemwona akifanya hivyo sokoni tangu nikiwa mtoto: anapima, kisha anaongeza kwa mkono, na kile cha mkono hakihesabiwi, maana hakiuzwi. Nilikuwa nimemhoji wakala kuhusu kila mstari wa ile fomu, lakini chapa ya gunia niliiamini kama mtoto wa chekechea.

"Tuchote ile ya juu," nikasema. "Haraka, zibaki hamsini."

Wapakiaji wakaangua kicheko. "Hajati, huyu ya chuo kikuu anataka kuiba simsim ya mutu!"

Shangazi hakucheka. "Nimpe mutu kitu, halafu nichote tena? Hiyo nilifundisha wewe lini?"

"Lakini mzani haijui nyongeza, Mama," ofisa alimwambia kwa upole.

"Basi andika yote. Nani alikataza?"

Nikamtazama ofisa. Kwa kweli, nani alikataza? Akasema tamko nililojaza linaweza kusahihishwa maadamu lakiri haijafungwa, mradi tulete uzito wa kweli wa mzigo wote. Bei ni yetu na mnunuzi. Forodha inachotaka ni kujua kilichomo.

Tukashusha, tukapima, tukapandisha. Mimi nilisoma mzani, wakala akaandika, shangazi akatusimamia sote kama jemadari, babu yake aliyekuwa askari angejivunia. Gunia moja lilipotoka hamsini kamili, alilipiga jicho baya, akamtaja mwenye gunia kwa uchoyo wake, akaliongezea kikombe papo hapo. Ilibidi nilipime upya.

Adhana ya alasiri ilikuta tamko jipya limekubaliwa na lakiri imefungwa. Dereva akawasha injini. Shangazi akachota kikombe cha simsim iliyobaki kwenye beseni, akakielekeza kwa ofisa.

Ofisa akaficha mikono mgongoni. "Hapana, Mama! Hii nayo nitaandika wapi?"

Lori likakata kona, likashika njia ya Mombasa. Shangazi akanimiminia mimi kile kikombe mfukoni mwa shati.