Mkwe na Mkwe Katika Boti Moja

Mama alifika Durban akiwa na mfuko mmoja na adabu kupita kiasi, na hiyo adabu karibu initoe roho. Kwetu, upande wa ziwa, mama mkwe hali na mkwewe, hamtazami usoni, hamgusi. Sawa, lakini kule kuna nyua kubwa na njia za nyuma. Hapa tulikuwa na chumba kimoja na jiko dogo karibu na soko la Warwick. Mume wangu akiingia, mama anakimbilia koridoni. Mama akila, mume wangu anangoja chini kwenye ngazi, mvua inyeshe isinyeshe.

Mwishowe mama akasema anarudi kambi ya wakimbizi, Tanzania. Heri kambi, alisema, kuliko kumfukuza mume wa mtu nyumbani kwake. Nililia, nikakasirika, nikalia tena. Nilikuwa na mimba ya kwanza, imeshakuwa kubwa. Vita vilinitenganisha na mama, nikampata, na sasa heshima ndiyo itutenganishe? Eish, nilichoka.

Mume wangu alikuwa akilinda magari pale kwenye gati la boti za starehe. Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye boti ya mwendo wa pole, alimpenda, akamwambia alete familia Jumapili baada ya kanisa awazungushe bandarini. Nikasema twende, mama auone mji kabla hajaondoka. Hakuna kati yetu aliyeuliza boti ina ukubwa gani.

Ilikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana. Basi! Mama akajifunika kitenge mpaka puani, mume wangu akaitazama injini kana kwamba anataka kuinunua, na mimi na tumbo langu tukakaa katikati kama ukuta. Mzee alituonyesha maghala ya sukari. Mama hakugeuka, kwa sababu mkwe alikuwa upande huo. Nilimuuliza maghala yamemkosea nini. Tukasimama kwenye mdomo wa mfereji, penye mikoko, tuwaone kaa wekundu wakipunga mikono yao. Mama aliwaona kaa, akacheka, halafu akakumbuka aliko, akajifunika tena. Chakula tulichobeba alikula ametupa mgongo.

Kituo cha mwisho kilikuwa fungu la mchanga katikati ya bandari, maji yakiwa yamekupwa. Hapo mama alifurahi kweli. Alivua viatu, akatembea peke yake mbali nasi, akaokota makombe, na kwa mara ya kwanza tangu aje nilimsikia akiimba. Nilimwonea huruma, na mimi mwenyewe nikajionea huruma.

Maji yakaanza kujaa, mzee akatuita. Mama alikata njia penye tope laini, akazama mpaka magotini. Nikamvuta, nusura niangukie tumbo. Mzee alikuwa ameshikilia boti isiondoke. Akabaki mume wangu, amesimama hatua mbili kutoka kwa mama, anatazama mawingu.

Kwetu mwiko huu huondolewa kwa zawadi kutoka kwa mkwe, na zawadi yenyewe ni mbuzi. Mbuzi atoke wapi baharini? Mama, amezama hivyo hivyo, akaniambia mimi, kwa sauti ya kutosha watu wote wasikie, "Mwambie mkwe atoe kitu."

Mume wangu akapapasa mifuko, hamna kitu. Akavua koti lake la kanisani, la pekee, akalinyoosha mbele macho yakiwa pembeni. Mama akalipokea, akalivaa palepale juu ya tope, akafunga na vifungo.

"Nimepokea," akasema. Kisha akamwelekea yeye mwenyewe. "Mkwe, sasa nishike."

Mume wangu akamng'oa, akambeba mgongoni hadi botini. Tukaondoka polepole, mama kwenye benchi lake, uso wazi. Alimkagua mume wangu kuanzia kichwani hadi miguuni, akaniambia kumbe nilimsifu mno. Mume wangu akacheka huku akitazama sakafu.

Tulipolikaribia gati, mama akamuuliza, "Mkwe, huyu mtoto akizaliwa, mnataka nani amwogeshe?"

Mume wangu akainua macho, akamtazama usoni.

"Wewe, mama. Nani mwingine?"

Alimwogesha huyo, na wa pili, na wa tatu.