Symphorien, mbebaji wa Bisie ambaye misuli yake inangoja amri

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu haujaondoka katika msitu wa Bisie, kwenye machimbo ya bati ya Walikale. Symphorien amechuchumaa, mgongo kwenye gunia la kilo hamsini la mawe ya bati, ukanda wa kubebea ukiwa kwenye paji la uso. Anavuta pumzi, anasukuma magoti. Gunia halibanduki.

Wenzake wanatazama pembeni. Si ukatili, ni desturi ya wabebaji hapa: mwanamume hujiinua mwenyewe na mzigo wake. Akishikwa mkono leo, kesho hapewi mzigo.

Mara ya pili anasimama kwa shida. Ana miaka thelathini na minne tu.

Mwaka 2008 alikuwa akichunga ng'ombe Kirolirwe, Masisi, bomu lilipoangukia malisho. Vipande vilimjeruhi vibaya hata madaktari wakalazimika kumwondolea korodani zote mbili. Alipopona, alikimbilia Walikale na mkewe Victorine, akaingia kazi ya kubeba. Siri ikabaki ya wawili.

"Nilihasi bangombe mingi," anasema taratibu. "Nilijua kama dume ikisha kuhasiwa, shingo inapunguka. Nikanyamaza."

Badala ya kupumzika akaongeza mizigo, akiamini, kama wabebaji wote, kwamba kazi ndiyo mama wa misuli. Mapaja yakazidi kukonda. Mficha maradhi kifo humuumbua, naye alikuwa akikitafuta kwa miguu yake.

Victorine ndiye aliyemkokota hadi zahanati. Muuguzi, Constance, hakucheka. Alimweleza kuwa korodani hutengeneza homoni ya kiume, nayo husafiri kwa damu, huingia ndani ya chembe ya msuli na kushikana na protini inayoipokea. Zikishashikana, huenda kwenye kiini cha chembe, palipo na maagizo ya urithi, na kuamsha yale yanayosema: jenga nyuzi za msuli.

"Papa, musuli yako haiko muvivu," alimwambia. "Kazi inasaidia, lakini musuli iko nangoja amri, na amri haifike."

Sindano ya homoni hiyo huletwa kutoka Goma na Mama Kaswera, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka Walikale. Symphorien alichomwa kila mwezi, na nguvu zikaanza kurudi. Sasa mapigano yamefunga barabara, na miezi miwili imepita bila dawa. "Kama gari haipite, mi nitafanya nini?" anauliza Kaswera. Inauma kumsikiliza, maana hana kosa.

Symphorien anataka kumwomba Élie, kiongozi wa wabebaji, nusu gunia mpaka njia ifunguke. Kuomba ni kusema kila kitu, na anaogopa kuitwa mwanamke.

Mwandishi wa habari hii anapomuuliza atumie jina gani la kubuni, anakataa. Anaomba siku moja tu, amwambie Élie kwa kinywa chake kabla gazeti halijafika.

"Kisha andika Symphorien, jina yangu," anasema. "Mu hii vita siko miye peke. Bengine beko nakufa na haya ya kusema. Basome, baende kwa Mama Constance."