Kaka, Uko?

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa sababu ya shati. Nilikuwa nimevaa shati langu la kanisani, na huku kanisa lenyewe hakuna. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa kompyuta, nikapanda teksi ya kuchangia kutoka mtaa huu wa Bani Malik hadi Balad, mji mkongwe, kumwonyesha Mwalimu Haji cheti changu. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, dereva wa nyumba ya watu, na kichwa kimenivimba hivi. Usicheke, hata wewe kingekuvimba.

Mwalimu Haji alikuwa Mzanzibari aliyekaa Jeddah miaka mingi mpaka wenyeji wakasahau kwamba alikuja kwa ndege. Alitengeneza kompyuta katika chumba cha ghorofani, kwenye nyumba mojawapo ya zile za kale za mawe ya matumbawe, ngazi zake zikilalamika kila unapokanyaga. Ijumaa baada ya chakula cha mchana, kafili wangu, yule bosi aliyenileta huku, akiwa amelala, mimi na Wakenya wengine wawili tulikwenda kwake kujifunza. Hakututoza kitu, lakini ukichelewa alikurudisha mlangoni kama mtoto wa shule.

Sasa yule mzee alikuwa na ugonjwa wake mmoja, kuwazungumzia watu wa kwanza. Wale waliowaza haya mambo kabla hayajakuwapo. Majina hakuyataja sana. "Majina mtayasahau," alisema, "shikeni walichokuwa wakikitaka." Alitusimulia juu ya mtu aliyechonga kijisanduku cha mbao, akakitia vigurudumu viwili chini na kitufe juu, ili mtu aweze kuionyesha mashine jambo analolitaka kama unavyomwonyesha mwenzako kwa kidole. Akatusimulia juu ya mwingine aliyesema kwamba hata mtoto atakuwa na kompyuta yake ya kubeba mkononi, na wakati huo kompyuta moja ilijaza chumba kizima. Watu walimwona anaota. Mimi nilikuwa nikisikiliza mdomo wazi, nasema moyoni, na mimi nitakuwa mtu wa namna hiyo, wallahi. Mkristo mzima naapa kama wenyeji, ndivyo nchi inavyokuingia.

Lakini aliowapenda zaidi ni wale waliounganisha mashine na mashine. Alisema watu hao walijua tangu mwanzo kwamba ujumbe utakatwa vipande, vipande vipite njia tofauti, na vingine vitapotea. Hawakujidanganya. Kwa hiyo wakaifundisha mashine adabu. Kabla ya kusema lolote inauliza, upo? Ya pili inajibu, nipo, na wewe je, upo? Ya kwanza inasema, nipo. Ndipo mazungumzo yanaanza. Na kila kipande kikifika, aliyekipokea lazima aseme nimekipata, la sivyo mwenzake atakituma tena.

Alitusimamisha tuigize. "Upo?" anauliza yeye. "Niko," najibu mimi. "Nipo!" ananikemea. Wenzangu wanakufa kwa kicheko. Sisi wa bara tunasema niko, sasa nifanyeje.

Akatuambia pia kwamba mara ya kwanza kabisa kompyuta za miji miwili kujaribu kuzungumza, mtu wa huku alibonyeza herufi moja, akamuuliza wa kule kwa simu, umeipata? Nimeipata. Akabonyeza ya pili. Umeipata? Nimeipata. Kwenye ya tatu mtambo ukaanguka. "Herufi mbili tu," Mwalimu alisema, "lakini aliyezituma alijua zimefika."

Hilo somo nililishika neno kwa neno. Lingoje, nitalirudia.

Nilikuwa na dada yangu, Nekesa, mdogo wangu wa kunifuata. Alifanya kazi za ndani Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, na mimi ndiye niliyemwambia njoo, huku kuna maisha. Simu yake madam aliichukua wiki ya kwanza. Lakini binti wa nyumba ile, msichana wa shule, alimpenda, na madam akilala mchana alimwachia kompyuta yake dakika chache. Ndipo Nekesa alipojua kuandika barua pepe. Kila barua aliianza hivyo hivyo: Kaka, uko? Nami nilikuwa nikimjibu kwenye duka la mtandao hapa chini, niko, dada, niambie.

Halafu mtihani ukakaribia. Nilikuwa nimeambiwa kwamba nikipata cheti kuna kampuni inaweza kunichukua niache udereva. Nikawa nasoma ndani ya gari nikimngoja madam nje ya soko, nasoma nikila, nasoma hata chooni.

Barua ya kwanza ikaja. Kaka, uko? Tumbo linaniuma upande wa kulia, leo siku ya tatu. Madam anasema ni uvivu. Mpigie baba wa hapa uongee naye, namba yake unayo, na wewe una Kiarabu.

Nikaisoma. Nikasema, huyu Nekesa tangu utotoni akichomwa na mwiba analia kama aliyevunjika mguu. Na niseme ukweli, nimezeeka sasa, sina haja ya kujipamba: niliogopa kumpigia bosi wa watu. Ijumaa nikamtajia Mwalimu kwa kupita tu, nikaendelea kusoma.

Ya pili. Kaka, uko? Nimeanza kutapika. Kuna dereva Mkenya nyumba ya jirani, anasema atamwambia bosi wake aongee na baba. Nimemwambia angoje kwanza, kaka yangu ataongea.

Nikasema, mtihani ni kesho kutwa. Nikimaliza nitamwandikia barua ndefu, ya maana, na nitapiga simu. Si unajua namna mtu anavyojiahidi mema?

Ya tatu haikuwa na kitu ndani. Ilikuwa na maneno mawili tu. Kaka, uko?

Hiyo pia niliiona. Niliiona, mwanangu, nikaifunga.

Sasa turudi kwenye lile shati. Nilipanda ngazi za Mwalimu nikiimba. Akavaa miwani, akasoma cheti juu mpaka chini, akanipa mkono. Akaniuliza ni swali gani lilinisumbua.

"Hakuna, Mwalimu. Hata lile la mashine isiyojibiwa nimelipata."

"Ulijibu vipi?"

"Anayetuma anarudia. Akirudia mara kadhaa bila jibu anahesabu kwamba mwenzake amekufa, anafunga njia."

"Sawasawa. Na dada'ko yule wa tumbo, keshapona?"

"Sijamjibu bado."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nasoma, Mwalimu."

Akaweka cheti mezani. "Ulikuwa unasoma nini?"

Nikanyoosha mkono nikakichukua cheti changu.

Akaniamuru nifungue barua zangu kwenye mashine yake. Akazisoma zote tatu akiwa amesimama, mkono wake juu ya kiti changu. Ile ya mwisho ilikuwa na siku tano. Akasema polepole, bila hasira, na afadhali angenizaba kibao: "Wale watu walihangaika miaka mpaka chuma kikajua kusema nipo. Wewe umezaliwa na mdomo."

Nikaandika, Niko. Herufi nne, nikazikosea mara mbili. Hakuna aliyejibu. Mwalimu akachukua simu, nikampa namba, akaipigia ile nyumba ya Al-Naseem yeye mwenyewe, kwa Kiarabu chake cha heshima. Nilimwona akiuliza, akinyamaza, akiuliza tena. Kutoka ndani ya simu neno moja tu lilinifikia wazi, halas, imekwisha.

Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Walimpeleka hospitali alipoanguka jikoni, na daktari akasema amecheleweshwa. Dada yangu alikuwa amekufa siku tatu nyuma, mimi niko Jeddah napiga pasi shati.

Ijumaa iliyofuata nilikuta jibu la ile Niko yangu. Liliandikwa na yule binti wa shule, kwa Kiarabu, ambacho mimi nakisema tu bila kukisoma, na Mwalimu akanisomea. Alisema anasikitika. Alisema kila mchana Nekesa alikuja kumuuliza kama kaka yake amejibu. Naye kila mchana alifungua, akaangalia, akamwambia: mafi. Hakuna. Mwalimu alipofika hapo alivua miwani, hakumaliza kusoma.

Ungedhani hilo ndilo baya kuliko yote. Hapana. Baya zaidi nililifanya mwenyewe, kwa akili zangu timamu. Nilimpigia mama nyumbani. Alilia mpaka sauti ikaisha, kisha akaniuliza, "Hakukuambia anaumwa?" Nikamwambia, "Mama, mtandao ulikuwa mbovu. Barua zake hazikunifikia."

Mtandao haukuwa mbovu. Kazi ya wale watu haikupoteza hata herufi moja kutoka Riyadh hadi Jeddah. Mama yangu aliingia kaburini akiulaani mtandao, na mimi nikamwacha aulaani. Kile cheti kiko ndani ya sanduku, sijawahi kumwonyesha mtu kazini, na udereva sikuuacha.

Ndiyo maana jana nilipokuona umesoma ujumbe ukailaza simu yako kifudifudi kitandani, jina la dada yako likiwaka, nilitoka nje. Nilijua nikibaki nitakufokea mbele ya wenzako wa chumbani, nami si baba yako wa kukuzaa. Leo zile alama mbili za buluu zinamwambia mtu kwamba umesoma. Nekesa hakuwa nazo, aliweza japo kudhani sijaona. Huyo wako anajua.

Nakuomba, mwanangu, mtu akikuuliza uko, mwambie niko. Usingoje upate barua ndefu ya maana, haiji. Na kama huwezi kumsaidia, mwambie siwezi, siku hiyo hiyo, hata ukiona aibu. Sikiza hapo vizuri. Ningeandika neno hilo moja, siwezi, dada yangu angemwendea yule dereva wa jirani na huenda angepona. Hakuuawa na umaskini wangu wala na umbali. Alikaa akiningoja mimi.

Sasa igeuze hiyo simu. Mimi naenda kuweka chai.

Mungu akulinde katika nchi hii ya watu, akurudishe kwa mama yako ukiwa mzima na huna la kumficha. Na siku yako wewe ya kuuliza ikifika, akupe mtu wa kukujibu mara ya kwanza.